Msonobari Ulionyonyolewa

Fundi Tatewaki alikuwa na matusi ya kila aina na sifa moja tu. Matusi aliyagawa bure tangu asubuhi hadi jioni, kwa watu, kwa ngazi, hata kwa mvua. Sifa yake ilikuwa neno moja, "Inatosha," na hilo alilibana kwelikweli. Wewe uko juu ya ngazi unapogoa, umempa mgongo, yeye kakaa barazani mwa hekalu na kikombe chake cha chai. Kazi ikifika pale anapopataka yeye, anasema "Inatosha," kwa sauti ya mtu anayekataa kuongezewa wali. Basi. Ukishaambiwa hivyo, mti ule ni wako na hakuna atakayekuhoji tena juu yake. Usipoambiwa, unaendelea.

Nilikwenda kwake na shahada yangu ya kilimo cha bustani, baada ya kufundisha vijana chuoni Osaka kwa muda mrefu. Nilidhani ananingoja anifundishe kupogoa. Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kunyamaza. Katika bustani ile, huko vilimani kaskazini mwa Kyoto, mwanafunzi haulizi. Hata kugeuka kumtazama fundi usoni ni kuuliza, na kuuliza ni kuomba, na anayeomba hana mkono wa kazi. Unamwangalia anavyofanya, unaiba kwa macho, kisha unajaribu. Yeye anakuacha ukosee mpaka mwisho kabisa, na hapo ndipo anapofungua mdomo.

Mwaka wangu wa kwanza alinipa mawe ya kukanyagia ya njia ya kwenda nyumba ya chai. Niliyapanga siku nzima, magoti yameloa tope, naye amekaa pale anavuta sigara na kunitazama. Jua lilipotua akashuka, akapita juu ya mawe yote taratibu, la kwanza hadi la mwisho. Nikajua leo nimepata.

"Yang'oe," alisema.

"Yote, Fundi?"

"Ulitaka nikuchagulie, Profesa?"

Lililokosewa lilikuwa jiwe la pili. Aliliona wakati uleule nilipokuwa nalilaza, akaniacha niyapange mengine yote kufuata kosa lile. Nilimchukia mzee yule hadi meno yakaniuma. Dobashi, mbeba mawe wetu, mtu mwenye mwili wa pipa na mdomo usiojua mlango, alikuja kunisaidia kuyang'oa.

"Usilie, Profesa," akaniambia. "Mimi aliniacha nichimbe shimo la kupandia mti kuanzia asubuhi. Jioni ndiyo naambiwa mti wenyewe haupo."

"Ukafanyaje?"

"Nikalifukia. Ningefanyaje? Ningejipanda mwenyewe?"

Lakini sisi tulikuwa watu wa kuja. Aliyeliwa hasa na ulimi ule alikuwa mwanawe wa kuzaa, Isaku. Alikuwa amevuka arobaini, mvi zimeshamwingia kichwani, na baba yake hakuwahi kumwita kwa jina mbele yetu. Alimwita "wewe." Isaku alikuwa na mikono mizuri kuliko sisi sote, kila mtu aliliona hilo, na ndiyo sababu ilikuwa tabu kutazama. Kila mwaka baridi inapokaribia, misonobari hunyonyolewa kwa vidole. Sindano kuukuu, yaani yale majani yake membamba, zinatolewa, za mwaka huo zinaachwa, ili mwanga upite na matawi yaonekane. Isaku aliuhurumia mti. Aliacha sindano kidogo zaidi ya zinazotakiwa, kidogo tu. Baba yake akimaliza kumtazama anatema mate.

"Umeacha manyoya. Mti unauogopa. Na mkeo pia ulimwogopa, ndiyo maana akajiondokea."

Sisi tunainamisha vichwa kana kwamba tumeona mdudu kwenye changarawe. Isaku anasema, "Ndiyo, Baba," na kupanda ngazi tena.

Mti mmoja hakuwahi kuugusa, wala sisi hatukuugusa. Ni msonobari wa bwawani, wa karne nyingi, shina limelala upande kuelekea majini na tawi moja refu limenyooka juu ya maji, limeegemezwa magongo kama mzee. Watu walitoka mbali kuja kusimama mbele yake na kunyamaza. Ule alikuwa anaupanda Fundi peke yake. Lakini magoti yake yalikuwa yamekwisha, na Mtawa Mkuu wa hekalu alikuwa ameshasema waziwazi: atakayekabidhiwa msonobari ndiye atakayekabidhiwa bustani, na kama hapatikani, yeye ataita kampuni ya mjini yenye misumeno ya umeme. Isaku hakuwa na kitu kingine duniani. Mke hana, mtoto hana, anaishi na wazazi wake katika kijumba nyuma ya ukuta wa hekalu. Alichokitaka ni neno lile, basi, alisikie mara moja kutoka kwenye mdomo ule.

Mwaka ule, mplamu wa langoni ulipomaliza kuchanua, niliambiwa mimi. Niko juu, nakata vijiti, nikasikia nyuma yangu, "Inatosha." Nilishikilia tawi nisianguke. Aliyekuwa ameishika ngazi chini ni Isaku. Nilipoteremka aliniinamia, akasema hongera, na wakati wa chai alirudi kutoka dukani na maandazi ya maharage matamu kwa ajili yangu.

"Kula, Dada Nagi. Leo ni siku yako."

Niliyala bila kumtazama. Fundi alikuwa palepale, akayatazama maandazi, akamtazama mwanawe, akasema, "Unanunua sherehe za wenzako. Za kwako utanunua lini?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa.

Sasa njoo asubuhi ile ya mwezi wa kumi na moja. Umande ulikuwa umeganda juu ya kuvumwani, zulia lile la kijani linalofunika ardhi yetu, nalo lilikuwa jeupe pembeni. Tulikuwa tunakunywa chai ya kuanzia kazi. Fundi alikuwa amejifunika blanketi magotini, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, na uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Tulijua kwamba hajalala vizuri siku kadhaa. Akanyoosha kidevu.

"Leo wewe. Bwawani."

Dobashi alisahau kumeza.

"Mimi, Baba?" akauliza Isaku.

"Kuna mjinga mwingine hapa anayeitikia 'wewe'?"

"Hapana, Baba."

"Nyonyoa mpaka niseme. Na leo nisione manyoya. Ukishuka kabla sijasema, usiikanyage tena ngazi yangu maisha yako yote."

Mama Towa, mke wa Fundi, alikuwa anakusanya vikombe. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na mumewe alimsemesha kwa vidole: kimoja chai, viwili sigara. Aliweka sinia chini, akamwendea mwanawe, akamfunga kitambaa kichwani kama anavyofungwa mtoto siku ya kwanza ya shule. Isaku akaichukua ngazi ya miguu mitatu, akaenda.

Mimi na Dobashi tulipelekwa ng'ambo ya bwawa kuokota majani makavu juu ya kuvumwani, moja moja, kwa vidole. Kutoka pale tulimwona Isaku mtini, na nyuma yake, mbali kidogo, Fundi barazani, kofia machoni, kikombe mikononi. Alikuwa akikaa vile kila siku. Unaweza kumsahau ukadhani ni jiwe jingine la bustani.

Isaku alianzia juu, kama inavyotakiwa. Vidole vyake vilikwenda bila haraka na bila kusita. Nilikuwa nimewahi kuona misonobari mingi ikinyonyolewa, nami niliwafundisha watu, lakini siku ile nilisahau majani yangu. Tawi baada ya tawi lilifunguka, mwanga ukashuka hadi majini. Alipolimaliza tawi lile refu la juu ya maji, karibu na wakati wa kula, halikuwa na sindano moja ya kuongeza wala ya kupunguza. Machozi yalinilengalenga. Nilisema moyoni, sema sasa, mzee. Sema. Utakufa ukisema?

Kimya.

Isaku alisimamisha mikono. Shingo yake ilikakamaa, lakini hakugeuka. Akangoja kidogo, akaendelea na matawi yaliyobaki, na alipoyamaliza nayo akasimama tena. Kimya. Basi akahamisha ngazi, akarudi juu kabisa, akaanza upya.

"Mzee anambania," alinong'ona Dobashi.

"Kazi imekwisha. Hakuna cha kutoa pale."

"Kamwambie wewe, Profesa. Wewe si umeshatoshwa?"

"Nenda wewe."

"Mimi? Mimi nina watoto."

Hakwenda mtu. Mnajua tulivyofikiri? Tulifikiri ni yeye, Fundi wetu, katika kazi yake. Tulimwona anafanya lile la jiwe la pili, safari hii kwa mti mzima. Nilidhani ameamua kumwacha mwanawe auue msonobari ule mbele ya macho yake, ili jioni ashuke taratibu, auzunguke mara moja, aseme, "Unaona?" Hakuna binadamu mwingine ambaye ningemdhania hivyo. Huyu nilimdhania bila hata kushangaa.

Mchana ukasogea. Isaku hakula, na Fundi naye hakuwa mtu wa kula mchana. Alikuwa amemaliza sindano kuukuu kitambo, sasa anatoa changa, zile zinazoulisha mti. Mara ya kwanza alitoa chache. Akangoja. Akatoa nyingine. Kwa maisha yake yote alikuwa ameambiwa kwamba kosa lake ni kuacha, hivyo aliendelea kutoa. Utomvu ulimgandia hadi kwenye viwiko, na ncha za vidole zilianza kuacha damu kwenye gome. Dobashi aliacha mzaha.

Wakati wa chai ya alasiri Mama Towa alitoka na sinia. Alipiga magoti kando ya mumewe, akaweka kikombe, akamgusa mkono. Akabaki ameinama vile kwa muda. Kisha akafanya jambo ambalo hatukuwahi kuliona: alikaa. Alikaa barazani kando ya Fundi, bega kwa bega, akampandisha blanketi, akajimiminia chai naye, akanywa huku anamtazama mwanawe mtini. Nilidhani ameona anavyoteswa, akaja kumbembeleza mzee. Nikasema heri, labda atamsikiliza mkewe mara moja katika maisha yake.

Jua lilikuwa limeshagusa kilima Mtawa Mkuu alipotoka kwenye ibada. Alifika kwenye kona ya bwawa, akaona, akapiga ukelele usiofaa mtawa. Msonobari ulikuwa mtupu. Vishungi vichache vilibaki kwenye ncha za matawi, kama nywele kwenye kichwa cha mgonjwa, na chini yake maji hayakuonekana kwa wingi wa sindano zinazoelea.

"Nani kafanya hivi? Fundi Tatewaki! Umelala?"

Akapanda barazani kwa hasira, akamtikisa bega. Kofia ikaanguka. Mama Towa akainama mpaka paji la uso likagusa ubao.

"Amekufa, Mheshimiwa. Utusamehe kwa usumbufu."

Tulikimbia kuzunguka bwawa. Isaku alikuwa bado juu ya ngazi, amewapa mgongo, mkono umeshika kishungi cha mwisho cha tawi la juu. Alikuwa amesikia yote, maana hapakuwa mbali.

"Isaku, shuka!" Dobashi aliita.

"Hajasema."

"Baba yako amekufa, ndugu yangu. Shuka."

"Hajasema bado."

Tulimteremsha kwa nguvu, Dobashi akimbandua vidole kimoja kimoja kutoka kwenye mti.

Daktari wa mtaa alikuja mara moja. Nilikuwa nimeshika beseni la maji ya moto, Mama Towa amekaa upande wa kichwa, Isaku yuko kisimani anasugua utomvu usiotoka. Daktari aliujaribu mkono wa marehemu, ukakataa kukunjika. Akasema moyo ulisimama asubuhi, tena asubuhi mapema, maana hata chai ya kwanza hakuimaliza.

"Daktari," alisema Mama Towa, "hilo halina haja ya kwenda mbali."

Daktari alimtazama, akafunga mkoba wake, akaenda zake. Mimi sikuweza kujizuia.

"Mama, ulipomgusa mkono ulijua."

"Nilijua."

"Na ukakaa."

"Nikakaa." Aliinyoosha kola ya mumewe. "Mwanangu Nagi, Isaku hajawahi kufanya kazi siku nzima, baba yake yupo, asitukanwe. Tangu azaliwe. Nilimwona mgongo wake umenyooka. Nikasema nimwachie jioni moja. Nikiita watu, atashuka, na hataipata nyingine."

"Lakini mti, Mama!"

Hapo ndipo nilipomwona amekasirika, mara ya kwanza na ya mwisho.

"Mti! Mti ule unamiminiwa pombe ya sake kila mwaka mpya, kwa mikono miwili, kwa heshima. Mimi nimeishi na mtu huyu tangu msichana, sijamiminiwa hata maji. Leo nimekaa naye nikanywa chai, wala hakuniinulia kidole. Wacha mti ufe."

Nikabeba beseni, nikatoka.

Kwenye mazishi bustani zote za Kyoto zilikuja. Nasema hivyo kwa sababu mafundi wote walifika, wamevaa meusi, na kila mmoja kabla ya kuingia kufukiza ubani alipita kwanza bwawani kutazama. Wakirudi wananong'onezana. Huyu ndiye. Kamnyonyolea baba yake mti siku anakufa. Mzee alijua, ndiyo maana hakumpa. Mmoja wao, mwenye bustani yake kubwa huko Nara, ambaye alikuwa ameambiwa "Inatosha" ujanani, alisema kwa sauti kwamba bora mzee alikufa asione. Isaku alikaa mbele karibu na jeneza, mikono imefungwa vitambaa. Aliwainamia wote sawasawa.

Mama Towa alivumilia, akavumilia, kisha akashindwa. Akamgeukia mwanawe na kusema makusudi ili waliokaa karibu wasikie.

"Baba yako alisema."

Isaku hakumwelewa. "Alisema nini, Mama?"

"Inatosha. Alisema inatosha. Nilikuwa napita na sinia, nikasikia. Pumzi zilikuwa zimemwishia, sauti haikufika kwako. Lakini alisema."

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukifunguka vile. Alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo alioubeba tangu utotoni. Mwenye bustani wa Nara alikohoa na kutazama mkeka wake. Mama Towa alitabasamu, maskini ya Mungu, nami nilitaka kumwambia anyamaze hapohapo, asiseme tena kitu. Lakini Isaku alikuwa fundi, na fundi lazima aulize swali moja.

"Wakati gani, Mama? Nilikuwa nimefika tawi gani?"

Mama Towa hakujua misonobari. Alikuwa amepika na kufua kando yake maisha yote, hakuna aliyemwambia kitu. Akafikiria lililokuwa zuri zaidi, akampa mwanawe hilo.

"Lile la juu ya maji. Ulipolimaliza lile."

Nikaona linamwingia. Lilikwenda polepole. Midomo yake ilianza kutikisika, anarudi nyuma katika siku ile, tawi kwa tawi: baada ya lile la majini yale ya chini, halafu kuhamisha ngazi, halafu kuanza upya, halafu zile sindano changa, mkono kwa mkono, mchana wote.

"Kumbe alisema," alisema. "Na mimi sikusikia. Nikaendelea."

"Isaku," mama yake alisema.

"Alishanipa, nami nikaendelea kuuchuna."

Akainama mbele ya jeneza na hakuinuka tena mpaka walipokuja kulichukua kwenda kulichoma. Mama Towa alinitazama kama mtu aliyemwaga kitu na hajui kukizoa. Angemwambia lilisemwa mwishoni, Isaku angejua ni uongo, maana hakuna fundi duniani anayetosheka na mti uliochunwa. Akimwambia lilisemwa kabla, ndiyo amemuua. Hapakuwa na tawi hata moja la msonobari ule ambapo uongo ule ungeweza kukaa.

Bustani nikapewa mimi. Mtawa Mkuu hakumwonea Isaku, alimwacha afagie, na Isaku alifagia. Mkasi wake alimpa Dobashi, ambaye hakuwa na kazi nao, akaupokea kwa sababu hakujua namna ya kuukataa. Ngazi hakuipanda. Theluji ilipoanguka alikwenda bwawani na kuikung'uta kwenye matawi yale matupu kwa mwanzi, taratibu, huku anawaomba radhi watu wasioonekana. Dobashi alijaribu kumchekesha, akaacha. Mimi nilifanya yote niliyosoma na yote niliyoiba kwa macho. Niliufunga mti majani ya mpunga, niliulisha mizizi, nilimwagilia. Nilijua ni kazi bure. Msonobari hautoi chipukizi mahali pasipobaki jani.

Mvua za mwezi wa sita zilipokuja, miti mingine yote ilikuwa imeshachipua. Ule wa bwawani ulikuwa mwekundu kama kutu. Mtawa Mkuu akaamuru uondolewe kabla haujaangukia maji. Isaku akaja kwangu, akainama, akaomba aukate yeye.

Siku ile ilikuwa mimi na yeye tu. Dobashi alisema tumbo linamuuma, na tulimwamini kwa sababu tulitaka kumwamini. Tulimwaga sake na chumvi kwenye shina, kama ada ya kuuaga mti, tukafunga kamba kwenye tawi refu, nikarudi nyuma kuishika. Isaku aliweka msumeno kwenye gome. Niliutazama mgongo wake, ukiwa umepinda kama wa mzee, nikasema liwalo na liwe. Mama Towa atanisamehe au hatanisamehe.

"Isaku, usianze. Nisikilize. Daktari alisema baba yako alikufa asubuhi. Kabla hujalifikia tawi lile. Nilikuwapo, nilisikia kwa masikio yangu. Hukupitwa na neno lolote. Neno halikuwapo."

Hakugeuka. Niliona mkono wake umekaza mpini wa msumeno.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama yako."

"Basi usimwambie kwamba umeniambia. Ataona aibu."

"Sitamwambia. Lakini umenielewa? Hukukosa kitu. Hukuwa na kosa, Isaku."

"Alisema, Dada Nagi."

"Mtu aliyekufa hasemi!"

"Alisema nilipolimaliza tawi la juu ya maji. Mama alisikia." Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Wewe uliliona. Lilikuwaje?"

"Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile. Wala yeye hakuwahi kuifanya."

"Sasa unaona? Hapo ndipo angesema."

"Angesema. Lakini hakusema."

Ndipo alipogeuka kunitazama, na sikuona machozi, niliona mtu aliyechoka kubishana. "Mti umekufa vilevile," alisema. "Ukinishinda leo, nitakuwa nimeua mti na sikupewa kitu. Mimi sasa hivi nimeua mti, lakini nilipewa. Unataka kuninyang'anya hilo kwa ajili ya nini? Ili nilale vizuri?"

Hasira zilinipanda hadi machoni, si juu yake, juu ya mzee yule aliyekwisha kuwa majivu na bado anamla mwanawe. Bustani ilikuwa yangu. Kikombe barazani kilikuwa changu. Kama kuna mtu duniani aliyekuwa na haki ya kulisema neno lile sasa, ni mimi.

"Basi nisikie mimi," nikasema. "Mimi ndiye Fundi hapa. Tawi lile nililiona toka mwanzo hadi mwisho. Inatosha, Isaku. Inatosha."

Alinitabasamia, tabasamu lilelile la siku aliponiletea maandazi.

"Wewe ni mtu mwema, Dada Nagi," akasema. "Neno la mtu mwema nitalifanyia nini?"

Akanigeuzia mgongo, akasogeza msumeno mahali pake.

"Shika kamba vizuri. Tawi lisije likaangukia maji."

Nikaishika.